Jibu la Kaini

Jumamosi mchana, katika ukumbi wa kanisa moja pale Rohero, katekista alitusomea habari ya Kaini na Abeli mara tatu, polepole. Kisha akatutaka tuiigize, ili masikio yaliyoizoea yaisikie upya. Fundi cherehani mmoja, mtu mpole, akapewa nafasi ya Kaini. Mama muuza mboga akawa sauti ya Mungu.

"Ndugu yako iko wapi?" mama aliuliza, mkono kiunoni. Tukacheka.

Fundi alimtazama katekista. Katekista akamnong'oneza, "Sema: sijui."

"Mi sijui, mama," alisema hatimaye, akivua kofia. "Alienda Gatumba kununua samaki. Miezi mine sasa. Kila mutu nimemuuliza."

Kicheko kikakatika. Mama akateremsha mkono, akamsogelea na kumshika bega. Nyuma yangu mtu akataja jina la mwanawe ambaye naye hajarudi, mwingine la mumewe, na igizo likaishia hapo.

Tangu utotoni nimelisikia jibu lile kama uongo wa muuaji. Siku hiyo nusu ya ukumbi ingelitoa kwa ukweli mtupu. Wanaojua walipo ndugu zetu, kama walikuwemo mle ndani, hawakufungua mdomo.