Ndoto za Mteja wa Kasekese

Nilipomaliza chuo na kukaa nyumbani Misunkumilo nikisubiri ajira ambayo haikuwa na haraka na mimi, shangazi yangu aliniita dukani kwake Mpanda mjini, akaniambia kuanzia siku ile mimi ndiye mtandao. Hakusema nitashughulikia mtandao. Alisema mimi ndiye mtandao, kwa sauti ileile aliyotumia kuwaambia watu kwamba binamu yangu ni mhasibu.

Shangazi anauza magodoro. Ni mwanamke mpana, mpole, asiyependa kelele, na mimi ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake mzazi. Siku zile duka la upande wa pili wa barabara lilikuwa limeanza kurusha video za wasichana wanaocheza juu ya magodoro, na wateja walikuwa wanavuka barabara.

"Mimi sichezi," shangazi alisema. "Na wewe mama huchezi. Tafuta kitu kingine."

Nikaanza kupiga picha. Sikujua kwamba godoro ni kitu kigumu kupiga picha. Ukilipiga kwa mbele ni mstatili. Ukilipiga kwa upande ni mstatili mwembamba. Nilipandisha mistatili kila siku kwa wiki tatu, na aliyeipenda ni shangazi peke yake, tena kwa kugusa simu kwa bahati mbaya.

Ndipo akaja yule mzee. Alikuwa mfugaji wa Kisukuma kutoka Kasekese, mmoja wa wale waliohama na ng'ombe kutoka kaskazini zamani, wakafika huku na kuanza kulima pia. Alivaa koti zito na kofia, na mgongo ulikuwa unamsumbua. Alikandamiza kila godoro kwa kiwiko, taratibu, kama anayepima nundu ya fahali, mpaka akachagua moja la maua mekundu. Alikuwa na simu kubwa aliyotumiwa na mwanawe wa Mwanza. Nikamwomba nimuunge kwenye grupu la wateja wetu ili atuambie analalaje.

"Niwaambie nilivyolala?" aliuliza.

"Ndiyo, babu."

"Kila siku?"

"Ukipenda, babu."

Alirekebisha kofia, kama mtu aliyepewa uenyekiti ambao hakuugombea. Kisha akasema, "Sawa. Nitawaambia."

Asubuhi ya pili yake niliamka nikakuta ujumbe wa sauti. Mzee hakuwa mwandishi, alikuwa msemaji. Alianza kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na nyuma yake ng'ombe walikuwa wanalia.

"Mjukuu wangu, mwangaluka. Godoro limefika salama. Jana nimeota kiboko amekuja kwenye mkutano wa kijiji. Amekaa mbele, kwenye viti vya wageni. Mwenyekiti alipofungua mkutano, kiboko akanyoosha mguu, akaomba tusomewe kwanza muhtasari wa mkutano uliopita. Haukuwepo. Tukaaibika sana. Nawatakia kazi njema."

Nilicheka mpaka chai ikapoa. Kwa kuwa siku ile sikuwa na mstatili mpya, nikaomba ruhusa yake, nikaweka sauti yake juu ya picha ya godoro la maua mekundu, nikaandika chini: Mteja wetu wa Kasekese amelala hivi. Nikaenda kufagia duka.

Mchana shangazi alinipa simu yake akasema imeharibika, inatetemeka tu haiachi. Haikuwa imeharibika. Watu walikuwa wanamsikiliza babu. Watumishi wa ofisini walikuwa wanaulizana nani anatunza muhtasari. Mtu mmoja wa Dodoma aliandika kwamba kiboko ana hoja.

Kesho yake mzee akatuma nyingine. Aliota amepanda bodaboda, na dereva alipogeuka, kumbe ni marehemu mama mkwe wake. Kwao mkwe hakaribiwi, anaamkiwa kwa mbali huku umeinamisha uso. "Na mimi mjukuu wangu nimeshamshika kiuno, pikipiki iko kwenye mteremko," alisema kwa masikitiko ya kweli. "Nikawa naangalia pembeni hivi, kwenye mihogo ya watu, mpaka tukafika." Siku nyingine aliota ng'ombe wake wamenunua simu na kufungua grupu, wakamuunga humo kwa heshima, kisha yule mweusi mwenye pembe moja akamtoa bila kumwambia kosa.

Hakuna hata moja aliyoisimulia akicheka. Alitoa taarifa. Na taarifa zake zikatoka Katavi zikaenda nchi nzima. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi hapa mjini, ambaye hatukumjua, akaanza kuchora kila ndoto kwa penseli na kututumia bila kuombwa. Alimchora kiboko na miwani ya kusomea. Bila mtu kupanga kitu, asubuhi ikawa na utaratibu: mzee anatuma sauti, mimi naipandisha, mwalimu anachora wakati wa mapumziko ya saa nne, watu wanabishana maana yake mpaka jioni.

Na magodoro yakatoka. Wateja walivuka barabara kurudi kwetu, na walikuja na maombi ambayo kiwanda hakikuyafikiria.

"Nataka lile la kiboko," alisema mwanamke mmoja.

Mwingine aliuliza kama lipo la futi tano kwa sita ambalo halimleti mkwe. Shangazi hakuwacheka. Aliwaonyesha, akawaeleza unene, akasema ndoto inategemea pia na chakula. Kijana mmoja mwenye bajaji alirudisha la kwake baada ya siku tatu, limefungwa vizuri kwa kamba.

"Halioteshi," alisema.

Nilimwangalia shangazi. Shangazi alimwangalia kijana kwa makini. "Unalaza kichwa upande gani?"

"Upande wa mlango."

"Geuza. Ukikosa tena, njoo."

Hakurudi. Mpaka leo sijui kama aliota au aliona aibu.

Kisha, asubuhi moja, mzee alituma sauti fupi sana. "Mjukuu wangu, mwangaluka. Jana sikuota." Nikaipandisha hivyo hivyo, na watu wakaipenda, wakasema babu ni mcheshi. Kesho yake akasema tena hakuota. Siku ya tatu alikohoa tu, akasema, "Samahani." Siku ya nne hakutuma kitu.

Sikutegemea yaliyofuata. Watu walikasirika kama tumewakatia maji. Walitaka kujua tumemfanya nini mzee wao. Wengine walisema tumempa godoro bovu, wengine wakasema amenunuliwa na duka la upande wa pili. Shangazi alikaa kwenye ukingo wa godoro la maonyesho, mikono mapajani.

"Mama, wewe umesoma," aliniambia. "Huwezi kuota kidogo?"

Naandika hili kwa aibu: nilikubali. Nilitunga ndoto nzuri sana, niliyodhani ni nzuri. Nikaandika kwamba mzee ameota yuko baharini kwenye meli kubwa, na simba anakimbia juu ya mawimbi kumpelekea barua. Nikasema safari hii ameomba aandikiwe kwa sababu koo linamuuma.

Haikufika nusu saa. "Huyu siyo babu," aliandika mwalimu mchoraji, ambaye hakuwahi kutuandikia neno, alikuwa anatuma michoro tu. "Babu hajawahi kuota bahari. Na kwenye ndoto za babu mnyama huwa hana haraka." Watu wakamuunga mkono mmoja baada ya mwingine. Nilifuta ile ndoto nikaenda kukaa stoo, katikati ya mito. Nimewahi kufeli mitihani, lakini haikuniuma kama kuambiwa na mtu nisiyemjua kwamba sijui kuota.

Shangazi akaamua twende Kasekese. Alikodi pikapu, akapakia godoro jipya la zawadi, akamwomba mwalimu atusindikize kwa kuwa ilikuwa Jumamosi. Mwalimu alikuwa mtu mwembamba mwenye soni, akaja na daftari la michoro ameliweka kwenye mfuko wa nailoni. Kabla ya kuondoka shangazi alitangaza kwamba tukifika tutaenda laivu, ili watu waone wenyewe kwamba mzee yupo, mzima, na godoro lipo.

Tulimkuta nyumbani kwake, amevaa lile koti zito. Nilishika simu, nikafungua laivu. Salamu zilichukua muda. Alimuulizia shangazi nyumba, watoto, mvua ya Mpanda, mahindi. Shangazi naye akaulizia ng'ombe, mgongo, wajukuu. Watazamaji walikuwa wanaandika, jamani hizi salamu zina mwisho? Bibi, mke wa mzee, mwanamke mdogo mwenye macho makali, alituletea maziwa mgando, akasimama mlangoni akituangalia.

"Babu," shangazi alisema mwishowe, "watu wangependa kuliona godoro."

"Karibuni," alisema mzee kwa furaha, akatuongoza chumbani.

Godoro lilikuwepo. Lilikuwa limesimamishwa ukutani, ndani ya nailoni yake ileile ya dukani, na juu yake limefunikwa kitenge kisafi. Karatasi yetu ya bei ilikuwa bado imebandikwa. Pembeni kulikuwa na kitanda cha kamba, na juu ya kamba ngozi ya ng'ombe iliyolainika kwa miaka ya kulaliwa.

Simu ilikuwa bado mkononi mwangu, na laivu inaendelea.

"Babu," niliuliza, "unalala wapi?"

Akaonyesha ngozi.

"Na zile ndoto?"

"Hapo hapo."

"Lakini babu, si ulisema..."

"Nilisema godoro limefika salama. Nikasema nimeota." Alifikiri, akatafuta kama kuna mahali alidanganya, akakosa. "Hukuniuliza nimelalia nini, mjukuu wangu."

"Mgongo je?" shangazi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Umepona. Nikiliangalia tu napata nafuu. Kitu kizuri kama hiki nikilalie na jasho langu?"

Bibi akazungumza kwa mara ya kwanza tangu tufike. "Mnataka kujua kwa nini haoti? Haoti kwa sababu halali. Anakaa hapo kitandani anawaza, leo nitaota nini, watu wanasubiri. Wale wa Dodoma watasemaje. Jogoo anawika yeye yuko macho. Mmemnyima mume wangu usingizi kwa godoro ambalo hata hajalilalia."

Mzee aliinamisha uso kama mwanafunzi. Nikaona kweli alikuwa amekonda, na macho yalikuwa mekundu. Wiki zote zile nilikuwa nikipokea sauti yake nikiwaza nitaiweka kwenye picha ipi, na sikuwahi kumuuliza ameamkaje.

Shangazi alipiga goti, yeye na upana wake wote, kwenye sakafu ya chumba kile. "Babu, tumekuja kukuomba radhi. Kuanzia leo usiote kwa ajili yetu."

Mzee aliliwaza jambo hilo kwa uzito. "Na nikiota kwa bahati mbaya?"

"Basi ota tu. Ukae nayo mwenyewe."

"Ahsante," alisema, na mabega yakashuka.

Nilitazama simu nikijua tumekwisha. Tumetangaza godoro kwa ndoto za ngozi ya ng'ombe, na nchi nzima imeona. Komenti zilikuwa zimesimama, kisha ikaja moja, ya mama wa Tabora: "Hata mimi friji langu bado lina nailoni, mwaka wa nne." Mwingine akasema makochi yao yanafunuliwa akija padri tu. Mwingine akakiri rimoti. Picha zikaanza kuingia kabla hatujatoka chumbani: viti, majiko, usukani wa gari, kabati la vyombo ambalo mwenyewe hajawahi kulifungua. Watu walikuwa wanatubu kwa furaha. Duka la upande wa pili nalo likatuma picha, ya mashine yao ya kukokotoa, ndani ya nailoni.

Shangazi alisoma juu ya bega langu, bado amepiga goti. "Mama," alinong'ona, "andika hivi: La kwako bado liko kwenye nailoni? Tutumie picha." Na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu miezi iliyofuata. Wateja walianza kuomba godoro liongezwe nailoni ya pili, na shangazi akaongeza, bila swali.

Lile godoro la zawadi bibi alilipokea mwenyewe kwenye pikapu. Hakuliegemeza popote. Alilitupa sakafuni sebuleni, akachukua kisu cha jikoni, akachana nailoni kutoka kichwani mpaka miguuni, sauti ikasikika mpaka zizini. Mzee aligeuza uso. Bibi akajilaza, akavuta kanga, na kabla mwalimu hajamaliza kumwonyesha mzee michoro yake, bibi alikuwa anakoroma. Tuliaga kwa kunong'ona.

Sasa ni bibi anayetumia ile simu. Hatumi ndoto. Juzi alituma sauti kwamba upande wa ukutani umeanza kubonyea na anataka kujua tutafanya nini. Shangazi akaniambia niipandishe kama ilivyo, kwa kuwa naye ni mteja. Nikaipandisha. Watu watatu waliipenda, mmoja wao mwalimu, na Jumatatu tukampelekea lingine.