Eliza na Sauti ya Kusubiri

Alen, mwalimu wa kwaya huko Kwai, alimfukuza Eliza kwa namna yake ya kuimba, kisha akamwimbisha mpwa wake kwa namna hiyohiyo.

Eliza hakusoma. Alijifunza kuimba zizini, akikamua ng'ombe wa tajiri mmoja aliyependa santuri za kale za mwanamke wa Kimarekani, zenye bendi ya matarumbeta. Maziwa yakigonga ndoo yalimpa mdundo, naye akaivuta sauti nyuma kidogo, kama yule mwanamke, kabla ya kuudaka. Kwa miaka mitatu wasikilizaji wake walikuwa ng'ombe tu.

"Dada Eliza, unachelewa," Alen alimwambia mbele ya wanakwaya.

"Sichelewi, mwalimu. Nasubiri."

"Basi kasubirie nyumbani!"

Wote wakacheka.

Siku ya Pasaka, Happiness, mpwa wa Alen, aliimba peke yake kwa namna ileile ya Eliza, na kanisa zima likapiga vigelegele. Nje binti akamfuata Eliza.

"Shikamoo, mama. Mjomba alikurekodi mazoezini, nami nimekusikiliza kwenye simu yake mpaka nikashika."

"Marahaba," Eliza akajibu, akashika njia peke yake.

Eliza haitaki tena kwaya. Alen ndiye anayedaiwa: asimame mbele ya waumini walewale, aseme Happiness aliimba kwa kujifunza kwa Eliza.