Pembe ya Sebule Yetu

Sebule iliyotolewa vitu vyote hunuka vumbi la chini ya makochi, saruji iliyomwagiwa maji, na mikeka ya watu wengine. Harufu hiyo naikumbuka kuliko vilio. Baba alipofariki, nyumba yetu ya Majengo, pale Mpanda, ilifanywa kama zinavyofanywa nyumba zote zenye msiba: vijana wa mtaa walitoa makochi, stuli, televisheni ya chogo na kabati la vyombo, wakavipanga uani chini ya turubai, na wanawake wakakaa ndani, sakafuni. Nilikuwa darasa la tano. Nilishangaa chumba kilivyokuwa kikubwa, nikataka kujua kwa nini siku zote tulikuwa tunapishana humo kwa ubavu. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kunijibu.

Matanga yalipoanuliwa, vitu vilitakiwa kurudi ndani. Baba mkubwa, kaka yake baba, mkulima wa mpunga kutoka kijiji cha Mamba, alisimama katikati ya sakafu tupu akiwaelekeza vijana. Kabati letu lilikuwa la mninga, zito, na yeye alitaka liwekwe kimshazari ili likate pembe ya ndani, nyuma yake pabaki nafasi ya kitanda. "Hapa nitafunga pazia. Nyie mtapita huku," alisema, akionyesha kwa mguu. Kisha akamgeukia mama: "Nyumba haikai bila mwanaume, shemeji." Kitanda chenyewe kilikuwa Mamba, na lori la kukileta lilikuwa limeshapatikana.

"Sawa, shemeji," mama alijibu. "Ila tudeki kwanza, vitu viingie kesho."

Kila mtu mle ndani alijua kinachoamuliwa, hata mimi. Nyuma yetu alipanga mjane mmoja ambaye shemeji yake alikuja kumwangalizia kwa muda nyumba aliyoachiwa na mumewe. Sasa ile nyumba ilikuwa ya shemeji, na mjane alikuwa akilipa kodi ya chumba cha uani kwa watu baki. Kitanda cha mwanaume kikishaingia, kukitoa kunataka kikao cha ukoo, na kwetu kikao cha ukoo kilikuwa baba mkubwa mwenyewe.

Ilikuwa Oktoba, mwezi wa rozari. Kila jioni jumuiya yetu ya Kikatoliki ilisali katika nyumba moja, na sanamu ya Bikira Maria ikabaki hapo mpaka kesho yake, ndipo ihamie kwa jirani. Baada ya kudeki, mama alijifunga kanga akaenda kwa mwenyekiti wa jumuiya, Mama Kaloli, muuza dagaa aliyezoea kusikika soko zima, akaomba sanamu ikae kwetu mpaka mwezi uishe, kwa ajili ya marehemu. Asubuhi sanamu ilifika kwa nyimbo, kabati likiwa bado uani. Mama Kaloli alizunguka sebule, akaishia kwenye pembe ya ndani, ambapo mama alikuwa amesimama na meza ndogo yenye kitambaa cheupe.

"Hapa hapana upepo, mshumaa hautazimika," mwenyekiti alisema.

"Si mngeiweka pale karibu na mlango?" baba mkubwa aliuliza.

"Mama wa Mungu akae mlangoni kama mlinzi? Huko Mamba ndivyo mnavyomfanyia, baba?"

Wanawake walicheka, midomo wameiziba kwa kanga. Baba mkubwa alikuwa kiongozi wa kwaya kigangoni kwao. Alifanya ishara ya msalaba, akaenda kukaa uani.

Vitu vyote vilipangwa kufuata pembe ile. Kabati lililala ukutani, makochi yakasukumwa pembeni, na katikati pakaachwa wazi kwa mikeka. Kitanda cha Mamba kilifika, kikaegemezwa kwenye ukuta wa jiko, tukawa tunaanikia nguo. Baba mkubwa alilala kwenye kochi refu, miguu ikining'inia, na kila jioni aliondoka hapo kuwapisha waumini. Mvua za kwanza zilinyesha kabla sanamu haijaondoka. Majaruba ya mpunga yalikuwa yanamsubiri baba mkubwa. Alipakia kitanda chake, akasema atarudi baada ya mavuno. Alirudi kweli, na gunia la mchele, akanywa chai, akaaga.

Chuoni nilisoma kurasa nyingi kuhusu nafasi na mamlaka, na hakuna iliyonieleza jambo ambalo sikuwa nimeliona Oktoba ile. Nimepanga chumba Dodoma. Kitanda changu kiko karibu na soketi ya kuchajia simu, na hiyo ndiyo falsafa yangu yote ya kupanga vyombo. Kusali nimeacha. Likizo iliyopita nilimuuliza mama, akiwa anachambua mchele, kama mwezi ule alikuwa anasali au alikuwa anamzuia shemeji yake.

"Nilikuwa nasali," alisema, "asije akaleta na kabati lake."

Sikupata jibu zaidi ya hilo, na sina hakika kwamba swali langu lilistahili jingine. Ninachokiona ni kwamba mama anaipangua sebule kila anapojisikia, bila kumuuliza mtu. Leo kabati liko dirishani, kesho liko mlangoni. Nikirudi nyumbani na umeme ukakatika, najigonga, kwa sababu kochi halipo nilipoliacha.