Video Iliyotazamwa Bila Kufunguka

Jumanne tarehe 13 Mei 2025, saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, Mwanapili Mwero alitia saini daftari la ghala la klorini katika hoteli moja ya Diani, akaingia kupima dawa ya bwawa la kuogelea. Kesho yake alikabidhiwa barua ya kusimamishwa kazi. Ameshika klorini bila barakoa, barua ilisema, na "kamati ya nidhamu imeitazama video ya kamera ya ghala na kujiridhisha." Kikao cha kumfukuza kiliwekwa Jumatatu.

Miaka kumi na mmoja alikuwa ameyatunza maji ya bwawa lile. Mwaka wa kwanza klorini ilimuunguza koo, akalala Msambweni hospitalini siku mbili. Tangu hapo hakuingia ghalani bila barakoa hata dakika moja. Akaidai hiyo video. Akapewa flashi yenye faili moja, jina lake likiishia kwa .mp4 kama video za kawaida, na faili haikucheza kwenye kompyuta yoyote aliyoijaribu.

Ijumaa, baada ya sala, aliipeleka Kombani kwa Esha, fundi wa kompyuta.

"Salaam aleikum. Nifungulie huu uongo niuone uso wake."

"Waaleikum salaam, dada. Keti kwanza. Hata mashine yangu yakuogopa."

Esha alijaribu programu tatu za kuchezea video. Zote zilikataa. Akaangalia ukubwa wa faili: megabaiti mia mbili na kumi. Si tupu, basi. Akaifungua kwa programu ya maandishi, na juu kabisa, kabla ya herufi zisizosomeka, palikuwa na jina la programu ya usalama kazini ambayo hoteli imeiunganisha na kamera zake.

"Hii haijawahi kuwa MP4," alisema. "Mtu ameivisha kanzu isiyo yake. Programu yao hutoa folda nzima: video kwa umbo lake, na kichezeo chake, programu ya kuifungulia, pembeni. Wao wamechomoa faili moja, wakaipa jina lako na mkia wa .mp4, wakaona yatosha."

Mwanapili akampigia Jaafar, karani wa kumbukumbu wa hoteli.

"Jaafar, nataka folda nzima."

"Dada, faili hiyo ndiyo niliyompa kila mtu. Hata kwa meneja iligoma kufunguka."

"Iligoma?" Sauti yake ilishuka. "Na barua yasema mmeitazama. Mlitazama nini, giza?"

"Programu ya kamera ilitoa onyo yenyewe kwamba huna barakoa. Meneja akasema hilo latosha."

"Umefuturu kwangu, Jaafar! Umekula mahamri ya mikono hii, kisha ukakaa kimya nikiitwa mzembe! Lete folda sasa hivi, au nije niisome barua hii mlangoni kwa mkeo."

Nusu saa baadaye folda ilifika kwa mtandao. Kichezeo kilikuwa ndani yake, na video ikafunguka mara moja. Mwanapili alijiona akipima unga wa klorini, mtandio ameuvuta hadi machoni na kuufunga nyuma, kama afanyavyo siku zote ili unga usimwingie shingoni. Kamera iliona kitambaa tu. Dakika ya sita alisogea mlangoni kunawa, bado mbele ya kamera, akauinua mtandio. Barakoa ilikuwa chini yake, imemkaza usoni.

Esha alicheka. Mwanapili hakucheka.

"Wangeniita tu nikainua kitambaa. Neno moja! Wameona heri waniharibie jina kuliko kuniuliza."

"Usiibadilishe jina, wala usichomoe kitu," Esha alisema, akinakili folda yote kwenye flashi mbili. "Itakufa tena."

"Nipe zote mbili. Moja naipeleka kwa ofisa wa kazi, Kwale."

Jumatatu saa mbili asubuhi Mwanapili ataingia kikaoni na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, akiwa amebeba kompyuta ya Esha. Atawaonyesha video mpaka mwisho, kisha atamtaka meneja aandike, mbele ya wote, siku na saa alipoitazama kabla ya barua kuandikwa.