Vyungu vya Wakwe Kutoka Ng'ambo

Nakumbuka Jumamosi moja nyumbani kwetu, kijijini Mpemba, mwanangu, harusi yangu ikiwa imebakiza wiki mbili. Mchumba wangu Mutale alikuwa Mbemba wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Akina mama wa kwao waliingia uani wakiimba, vichwani wamejitwika vyungu, vyote vimefunikwa. Wakavipanga mkekani. Shangazi yake Mutale akapiga magoti mbele yangu, akafunua cha kwanza: kuku mzima. Cha pili, mboga za karanga. Cha tatu, viwavi vya kukaanga. Akamega tonge la ugali anilishe.

Sisi Wanyiha hatukuwa na mila hiyo. Rafiki yangu Sebu akaninong'oneza, "Oya, chakula chote hiki cha nini? Wanakufunga hao! Ukimeza tu, utafua khanga za mkeo mpaka uzeeke."

Shaka ni kama kupe, mwanangu. Hukung'ata kabla hujamwona. Nikaitazama mikono ya yule mama, nikaona dawa kila kidoleni. Nikasema nimeshiba.

Nyimbo zikakatika. Shangazi hakugomba. Alirudisha vifuniko kimoja kimoja, wenzake wakaanza kukunja mkeka.

Bibi yangu, aliyeshuka kutoka kijiji cha Ruanda kwa ajili ya siku hiyo, akainuka. "Hebu ngojeni. Mwenzangu, kwenu chakula hiki kina maana gani?"

"Mama, tunamwonyesha mkwe vyakula vya nyumba yetu. Akishaonja, siku yoyote atakula kwetu bila haya. Akikataa, amemkataa binti."

Bibi akanigeukia. "Mume wangu, mkono huu ndio utakaopokea watoto wako. Unauogopa leo, kesho utaukabidhi nini? Na wewe Sebu, nyamaza, hujaoa hata kuku."

Nikapiga magoti, nikaomba radhi, nikala vyote, na viwavi pia. Mutale nilimpata. Lakini kwa miaka miwili, kila nilipokaribishwa Nakonde, shangazi yule aliketi akinitazama nikila, tonge kwa tonge. Sasa yeye ndiye aliyenishuku, na sikuwa na la kumlaumu.

Sikuambii umeze kila unachopewa, mwanangu. Kuna watu wabaya pande zote za mpaka. Nakuambia, ukiingia katika mila usiyoijua, muulize mwenye mila, usimuulize anayekunong'oneza. Kuuliza si ujinga. Swali moja la bibi lilifanya kazi ambayo macho yangu yote mawili yalishindwa.

Mungu akupe wakwe wenye subira, na ulimi usioona aibu kuuliza.