Safari ya Red Wing na Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikaa Minnesota wiki sita, na kwa wiki tano za mwanzo sikuwahi kumtazama usoni. Kwetu Bungoma hilo si kosa, ni adabu. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawashikani mikono, hawali pamoja, hawasemezani, na wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja hupisha kichakani. Miiko hiyo ina namna ya kuondolewa, wazee wakikaa na mnyama akachinjwa, lakini mimi nilioa nikiwa na haraka ya ndege na sherehe hiyo haikufanywa. Basi alipotua nilitia nguo zangu kwenye mfuko, nikamwachia yeye na mke wangu chumba chetu cha Saint Paul, nikahamia kwa rafiki yangu kule Minneapolis, kwenye maghorofa ya Cedar-Riverside. Nililala sakafuni kwake wiki zote hizo. Wasomali wa duka la chini walidhani nimefukuzwa na mke, wakawa wananipa pole pamoja na sambusa.

Nilijua alichokuja kufanya. Alikuja kumchukua binti yake. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi mitano, na hiyo ilikuwa ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka, zote wakati wa baridi, zote akiwa anafanya kazi katika nyumba ya wazee ambako aliinua watu wazito kuliko yeye. Mimi nilitaka mtoto azaliwe hapa, dakika kumi kutoka hospitali. Tena viza ya mke wangu ilikuwa ya mwanafunzi, naye masomo alishayaacha. Akitoka, hakuna kurudi. Nikimfuata, miaka yangu minne ya chuo imekwenda na maji.

Kwa kuwa sikuweza kusema na mama, nilimtuma mke wangu. Kila jioni nilimpigia simu. "Mwambie mama namwomba, kwa heshima zote, akuache ujifungulie hapa. Kazi utaacha. Mimi nitafanya zamu mbili."

"Nitamwambia."

Kesho yake jibu lilikuja: "Mama anasema mimba mbili zimepotea hapa, ya tatu haitapotea hapa." Nikituma hoja nyingine, jibu lilirudi kali zaidi. Mjumbe hauawi, basi hasira yangu yote nilimpelekea aliyemtuma. Nilimchukia yule mama, nasema bila kuficha. Nilikuwa naosha vyombo kwa rafiki yangu huku nikimjibu kwa sauti, peke yangu, majibu marefu yenye vifungu vya Biblia.

Wikendi nilikuwa namtunza mzee mmoja Mmarekani aliyefiwa na mke, ambaye kiharusi kilimwachia mkono mmoja wa kufanyia kazi. Alikuwa na mashua ya futi ishirini na nne, yenye kibanda kidogo cha kulala, kongwe kuliko mimi. Kila mwisho wa kiangazi yeye na marehemu mkewe walishuka nayo Mississippi, kutoka Minneapolis hadi Red Wing, mji mdogo wenye viwanda vya vyungu na viatu, wakipitia loki. Loki ni chumba cha zege kilichojengwa ubavuni mwa bwawa. Unaingia na mashua, mlango wa chuma unafungwa nyuma yako, maji yanapunguzwa mpaka ulingane na mto wa chini, kisha mlango wa mbele unafunguliwa unatoka. Ndivyo mto wenye maporomoko ulivyogeuzwa kuwa barabara ya majahazi bapa ya ngano, yasiyo na tanga. Watoto wa mzee walikuwa wamemkataza safari hiyo. Aliniomba mimi, akasema nilete familia.

Nilikubali upesi, kwa ujanja wangu. Nilipiga hesabu kwamba mashua ina mbele na nyuma. Mama atakaa nyuma, mimi mbele, mzee na usukani wake watakuwa ukuta katikati. Usiku wanawake watalala moteli. Siku mbili bila simu wala jiko la kukimbilia, jibu lingine lazima lipatikane. Mkamia maji hayanywi, lakini mtu mwenye hamu hakumbuki methali.

Loki ya kwanza, palepale katikati ya Minneapolis, inashuka karibu futi hamsini. Mzee alikuwa ametufundisha sheria moja tu, ya zile kamba zinazoteremshwa kutoka juu ya ukuta. "Kamba inashikwa, haifungwi. Maji yakishuka, iache iteleze mkononi. Ukiifunga, mto unaondoka na mashua inabaki ikining'inia." Mimi nilishika ya mbele, mke wangu ya nyuma. Kuta zikaanza kupanda pande zote mbili, nyeusi, zinatiririka maji, na mbingu ikawa kipande chembamba juu yetu.

"Wanatuzika tukiwa hai," nilimsikia mama akisema nyuma. Kisha akaona kamba mikononi mwa binti yake. "Iache hiyo! Mwenye mimba hashiki kamba. Itamzunguka mtoto shingoni."

"Mama, hapa hakuna mambo hayo," mke wangu alisema, wala hakuiachia.

Nilikuwa futi ishirini kutoka kwao, nilisikia kila neno, na halikuwa langu kujibu. Tulipita loki ya pili na ya tatu namna hiyohiyo. Mama alinung'unika, mke wangu alishika kamba, na mimi niliangalia mbele mpaka shingo ikakakamaa.

Jioni tulifunga mashua Hastings, chini ya loki ya nne. Tulikula soseji kwenye mabenchi ya kando ya mto, mama kwenye benchi lake akinipa mgongo, mimi kwenye langu nikimpa wangu. Mzee alitutazama kwa zamu.

"Umemfanyia nini huyu mama?" aliniuliza.

"Sijamfanyia kitu. Tunaheshimiana."

"Basi Mungu aniepushe na heshima," alisema, akaendelea kutafuna.

Kabla wanawake hawajaenda moteli nilimvuta mke wangu pembeni, nikamtuma tena. Nilimwambia amkumbushe mama kwamba hospitali ina mashine za watoto wanaozaliwa kabla ya wakati, na kwamba kijijini kwetu mvua ikinyesha hata baiskeli haipiti. Asubuhi alirudi na macho mekundu.

"Mama anasema tusizungumzie tena. Tiketi ni mbili."

Nilipiga teke ndoo ya mzee ikaangukia mtoni, ikabidi niiopoe na ndoano mbele ya watu wazima wanaovua samaki. Siku hiyo nilianza hivyo.

Tulisimama Prescott kununua mafuta na mahindi. Hapo mto mwingine unaingia kwenye Mississippi, na kwa mwendo mrefu maji ya mito hiyo miwili yanakwenda sambamba, mengine safi, mengine ya tope, hayataki kuchanganyika. Mama alionja hindi akasema kwa binti yake kwamba watu hawa wametia sukari hata shambani. Mke wangu hakucheka. Upepo ulikuwa umeanza, na kila meli ya kusukuma majahazi ilipotupita mashua yetu ilirushwa huku na huku. Alitapika mara mbili, akaingia kibandani kulala na kufunga mlango.

Loki ya mwisho kabla ya Red Wing haishuki sana, kama futi nane hivi. Labda ndiyo sababu sikufikiria nani atashika kamba ya nyuma. Mfanyakazi wa loki alituteremshia kamba mbili kutoka juu ya ukuta. Nilidaka yangu. Nilipogeuka, mama alikuwa ameshadaka ile nyingine, na moyo wangu ukatulia kidogo. Mkono wa binti yake usiguse kamba, basi ashike yeye. Ndipo nikaona anachofanya. Alikuwa anaifunga kwenye ile pembe ya chuma iliyo ubavuni mwa mashua, kwa fundo alilofungia mafahali maisha yake yote, lile ambalo ng'ombe akivuta ndivyo linavyozidi kukaza. Alilikaza kwa goti, akapangusa mikono. Alikuwa ameridhika.

Milango ilishafungwa. Maji yakaanza kushuka.

"Mwambie mama afungue!" niliita. Lakini nilikuwa namwambia nani? Mke wangu alikuwa kibandani. Nikamgeukia mzee, nikamwambia kwa Kiswahili safi kabisa, "Mzee, mwambie mama afungue kamba!" Mzee akanikodolea macho. Hata sasa nikikumbuka natamani kujizaba kofi. Mama alikuwa mbele ya macho yangu, ana masikio mawili mazima, na mimi natafuta mdomo wa Mmarekani wa kunisemea.

Nyuma ya mashua ikabaki juu, mbele ikaanza kuinama. Chupa ya chai ikabingirika mpaka miguuni pangu. Mzee akamfokea mama kwa Kiingereza, naye hakujua hata neno moja la Kiingereza. Mzee akabonyeza honi, akaibonyeza tena bila kuachia. Juu ya ukuta mtu akakimbia kwenda kusimamisha maji, lakini maji hayasimami papo hapo. Kamba ilikuwa inalia. Mama aliona kosa lake sasa, akaanza kupambana na fundo kwa vidole vyake, na fundo la fahali halifunguki kwa vidole. Nikasikia mke wangu akipiga mlango wa kibanda kutoka ndani. Mbao zilikuwa zimejipinda, mlango haufunguki.

Nilichukua kisu cha samaki kando ya usukani. Njia ya kwenda nyuma ni ukanda wa mtu mmoja, na ndani ya ukanda huo alikuwapo mama.

"Mama, achia!" Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyomwambia maishani. "Mama, achia kamba, itakukata vidole!"

Hakuachia. Nikamkamata kiunoni, nikamvuta kifuani kwangu kwa mkono mmoja, kwa mwingine nikakata. Kamba iliruka juu kwa mlio, nyuma ya mashua ikaanguka majini kwa kishindo, sote wawili tukalala chali sakafuni kwenye maji. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimemtoka. Nikaona nywele zake, zote nyeupe, jambo ambalo mkwe hapaswi kuliona, nikafumba macho kama mtoto. Alipoinuka hakunitazama wala hakutafuta kitambaa. Alikwenda kwenye mlango wa kibanda, akaupiga bega mara moja, ukafunguka.

"Niko sawa," mke wangu alikuwa anasema. "Niko sawa, niko sawa." Mama alimlaza chini, akaweka viganja vyote viwili tumboni mwake, akakaa hivyo mpaka milango ya mbele ilipofunguka na mzee akatutoa taratibu. Kisha akasema, "Anacheza." Mimi nililia waziwazi. Sikujali nani ananiona.

Red Wing tulifunga kwenye gati la mji, mkabala na maghala ya nafaka. Mzee alibaki ameketi kwenye usukani. Nilikuwa nakwenda zangu kukaa mbali, kama desturi, mama aliponiita.

"Mkwe. Kaa hapa."

Nilikaa. Mke wangu alikuwa katikati yetu, amejifunika blanketi la mzee, kikombe cha chai mkononi.

"Umeshanishika," mama alisema. "Umeshaniona kichwa. Hayo tutayatengeneza mbele ya wazee siku ikifika. Sasa niambie. Nimekaa katika nchi yako wiki tano. Nimekuja kuchukua mke wako, na hujaniomba neno hata moja, wala kwa mjumbe. Nimengoja. Nimejiuliza, huyu ni mwanamume wa namna gani, anachukuliwa mke na anakaa kimya? Hamtaki?"

Damu ilinipanda kichwani. "Nimekuomba kila jioni! Mpaka jana nimekuomba. Wewe ndiye uliyesema mimba ya tatu haitapotea hapa. Wewe umesema tusizungumzie tena!"

"Mimi?" alisema mama.

Tulimgeukia mke wangu wote wawili kwa pamoja. Alikuwa anatazama ndani ya kikombe.

"Sikumwambia," alisema. "Hata siku moja. Na hayo mengine hakuyasema yeye. Niliyasema mimi."

"Kwa nini?" Sauti yangu ilikuwa kubwa mno, watu gatini waligeuka.

"Kwa sababu ungemwomba, angekubali. Angesema mke ni wa mumewe. Na mimi ningebaki."

"Ungeniambia mimi! Mimi ni mumeo, ningejuaje kama huniambii?"

Hapo ndipo aliponitazama. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

"Nilikuambia," alisema. "Ile ya kwanza ilipotoka, ukinitoa hospitali, nilikuambia nataka kwenda nyumbani. Ya pili nilikuambia tena, kwenye gari. Mara zote mbili ulisema nitazoea."

Nilitaka kukana. Lakini nilikumbuka gari, nilikumbuka theluji kwenye kioo, na nilikumbuka kwamba wakati nasema hivyo nilikuwa natafuta mahali pa kuegesha.

Mama alikuwa ameshika ncha ya blanketi, anangoja. Alikuwa bado tayari kukubali, nililiona hilo wazi. Neno moja tu kutoka kwangu lingetosha, maana sasa njia ilikuwa wazi na hakukuwa na mjumbe tena.

"Mama," nikasema, "nenda naye."