Sensa Iliyokuwa Kabatini

Pale gereji walimwita Redio, na jina halikumwonea. Mteja akiingia na taa ya injini imewaka kwenye dashibodi, fundi huyu alifuta mikono kwa tambara, akachutama kando ya bomba la moshi na kumwaga maelezo. "Humu mna sensa mbili za oksijeni. Ya kwanza inaonja moshi ukitoka tu kwenye injini, inaiambia kompyuta petroli imezidi au imepungua. Ya pili iko nyuma ya kichujio, inaangalia kama moshi umesafishwa kweli. Ya kwanza ikichoka, gari linakunywa petroli kama limelogwa." Wateja walicheka, wakaelewa, wakaondoka nusu mafundi.

Mkewe, mshonaji wa sare za shule, alipolisikia jina hilo alicheka mpaka akashika ukuta. "Kwangu basi betri zimekwisha," alisema.

Hakuwa anatania. Miaka kumi na tisa mwanamume huyu alirudi nyumbani, akaoga, akala, akauliza kama maji yapo, akalala. Hakuwa mkali wala mlevi, na hakuwahi kuinua mkono. Mdomo wake tu ndio uliobaki gereji pamoja na ovaroli. Binti yao alipoolewa, nyumba ikabaki na watu wawili na cherehani, na cherehani ndiyo iliyozungumza. Haukupita mwezi, mkewe akamwambia bila kupandisha sauti kwamba anahamia kwa dada yake, mji wa mbali, safari ya saa saba. "Nitaondoka gari likitengemaa," alisema. Kigari chake cheupe kilikuwa na taa ya injini inayowaka tangu wiki ile.

Mwanamume mwingine angepiga magoti. Huyu alikwenda kupima gari. Mashine ikamwonyesha sensa ya kwanza imekufa, akanunua mpya siku hiyo hiyo, akaificha kwenye kabati la vifaa, chini ya mikanda chakavu. Jioni akamwambia mkewe, "Haijapatikana. Wameagiza."

Basi hivyo ndivyo alivyompenda, maskini. Alidhani akilishika gari amemshika mwenye safari. Wiki ya kwanza, haijafika. Wiki ya pili, wameleta isiyo yenyewe. Wiki ya tatu hakuulizwa tena, akajidanganya kwamba yameisha. Kila jioni alirudi na maneno aliyoyafanyia mazoezi njia nzima, usiende, sijui kuishi bila wewe, na kila jioni aliyameza pamoja na chakula.

Jumamosi asubuhi mkewe aliingia gereji akiendesha mwenyewe, mabegi yamejaa kiti cha nyuma.

"Nifungie tu ile iliyo kabatini," alisema.

Fundi akageuka kulitazama kabati. "Uliiona lini?"

"Wiki ya kwanza, nilipokuja kukuwekea ovaroli mpya humo."

"Mbona hukusema, mama watoto?"

"Nilikuwa nangoja wewe useme."

Fundi akaenda kufungua kabati. Alichomoa waya wa betri, akapuliza mafuta ya kulegeza kutu, akashika spana. Mkewe akavuta kigoda, akakaa karibu, akauliza hiyo kazi inaendaje hasa. Naye akaeleza. Akaeleza kwamba bomba likiwa na uvuguvugu sensa inafunguka vizuri, likiwa baridi unaweza kuivunja humo humo. Akaeleza kwa nini ncha ya mpya haiguswi na vidole vyenye grisi. Robo saa nzima alizungumza, na mkewe akamsikiliza ameshika tama. Kwa miaka mingi hawakuwa wamekaa hivyo, na roho ya fundi ikaanza kuona mwanga.

Ilikuwa desturi ya gereji ile mteja kukabidhiwa kipuri chake cha zamani mkononi, asije akadhani amechezewa. Akampa. Mkewe akaigeuzageuza ile sensa iliyojaa masizi.

"Kwani muda wote huu ilikuwa inaiambia nini injini?"

"Haikuwa inasema kitu. Injini ikawa inakisia tu."

Mkewe akamtazama usoni. "Na mimi nimechoka kukisia, baba."

Yale maneno ya kila jioni yakampanda mpaka ulimini. Alifungua mdomo kabisa. "Kwenye miteremko tumia gia ndogo," alisema, "usikalie breki."

Mkewe akatikisa kichwa taratibu, akawasha gari. Taa ya injini ikazimika palepale.

Siku ile fundi hakula. Katika maisha yake hakuwahi kulipua kazi ovyo ovyo, na sasa alikuwa akiomba kimoyomoyo taa ile iwake njiani, apigiwe simu, aende. Saa kumi na moja jioni simu ikalia.

"Nimefika. Taa haijawaka."

"Na petroli?"

"Imetosha." Fundi alimsikia akipumua. "Kuna lingine?"

Lilikuwepo, na lilimuuma kama jino.

"Kagua oili kesho asubuhi, injini ikiwa baridi."

"Haya, baba. Asante kwa kazi."

Simu ilipokatika alilala chali, akajisukuma chini ya gari la mteja lililokwisha kutengenezwa, akalia hadi machozi yakamwingia masikioni. Wenzake waliona miguu tu, wakampita polepole wasimkatize kazi.